Kwikwi ya Mshenga

Faini imelipwa jana jioni: doti moja ya khanga na kilo mbili za sukari. Shangazi wa binti alipokea mwenyewe, akaipima sukari kwa mkono, akaingia ndani bila kutabasamu. Kosa lililotajwa ni mshenga kuguna mbele ya wazee. Mshenga ni mimi, na sikuguna. Nilikuwa na kwikwi, na kwikwi yenyewe ilikuja na ndege kutoka Uswidi, imefichwa ndani ya soksi.

Posa ya mpwa wangu ilipangwa iende Mbagala, na ukoo ukanipa mimi usemaji kwa sababu nina ulimi mwepesi. Hakuna aliyekumbuka kwamba ulimi huo ndiyo kwanza umeachishwa sigara. Mtu aliye kwenye juma la kwanza bila sigara hafai kutumwa kwa watu. Apewe shamba alime, apewe ukuta abomoe. Nilisema hivyo kwenye kikao cha ndugu, baba mkubwa akanijibu, "Sasa wewe unaenda kuposa au unaenda kuvuta?" Hoja ikafungwa.

Kinga yangu ilikuwa jojo za nikotini. Aliniletea shemeji yangu anayeishi huko Uswidi, naye kwa kuogopa kilo za mizigo alitupa maboksi, akatupa na karatasi za maelekezo, akazisokomeza zile bati za jojo zenyewe ndani ya soksi moja. "Tafuna tu, shem," aliniambia. Nikawa natafuna tu.

Tukafika, tukavua viatu, tukakaa barazani juu ya mkeka, wao upande wao na sisi upande wetu. Nyuma ya pazia la mlangoni alikaa shangazi, ambaye hakuonekana hata ukucha lakini kila mtu alijua ndiye mwenyekiti. Tukaletewa juisi ya ukwaju, baridi na nzito, imekolea. Ikumbukeni hiyo juisi.

Salamu peke yake zilichukua nusu saa. Kabla hatujaingia kwenye neno, baba mdogo wa binti akaomba udhuru, akasimama chini ya mwembe hatua chache kutoka barazani, akawasha. Upepo ulikuwa wa kwetu. Moshi ule ulivuka ua, ukapita wazee wote bila kuwagusa, ukaja kwangu. Arosto ikapanda kuanzia kwenye nyayo. Jasho likanitoka kwenye viganja, nikamchukia kila mtu aliyekaa kwenye ule mkeka, na mpwa wangu zaidi, maana ndiye aliyependa.

Nikajifanya napangusa uso kwa leso, jojo ikaingia mdomoni. Kimya. Nikanywa ukwaju. Nikaongeza ya pili. Kimya. Nikanywa tena ukwaju ili nisionekane natafuna, nikawa natafuna kwa kasi, meno yakikimbia nyuma ya midomo iliyofungwa. Baba mdogo akarudi, akakohoa kidogo, akakunjua karatasi.

"Mkaja wa mama," akasoma, "laki tatu."

"Hik!"

Akaniangalia juu ya miwani. Baba mkubwa akanigusa na goti.

"Kilemba cha mjomba, laki mbili."

"Hik!"

Ikapita kama dakika nzima. Halafu sauti ikatoka nyuma ya pazia, taratibu sana: "Hivi huyo mshenga, anaguna nini?"

"Samahani, shangazi," nikasema, "si kuguna, ni... hik!"

"Binti yetu amesoma," ikasema sauti. "Kama laki mbili inawashtua, semeni."

Hapa lazima niache kikao kining'inie, maana tangu siku ile nimekaa na binamu yangu mfamasia na nimeelewa kilichonipata, na sijui jambo jingine la karibuni lililonifurahisha kiasi hiki. Nikotini ni besi. Ikiwa kwenye mate yasiyo na uchachu, hupenya ngozi laini ya ndani ya shavu na kuingia kwenye damu. Ukiweka asidi, molekuli zake hubeba chaji ya umeme, na zenye chaji hazipenyi kirahisi. Kwa hiyo wanaotengeneza jojo hizi huchanganya humo chumvi za kaboneti, jamaa wa magadi tunayotia kwenye maharage, ili mdomo usiwe na uchachu. Na wala si ujuzi mpya. Ugoro wa bibi zetu hutiwa magadi. Tambuu iliyofungwa na tumbaku hutiwa chokaa. Wanawake waliokaa vibarazani mchana kutwa wakitafuna na kutema walikuwa wameshamaliza somo la kemia kabla maabara ya kwanza haijajengwa.

Ukwaju, sasa, ni asidi tupu. Kila funda nililokunywa lilikuwa linafunga mlango wa shavu. Nikotini yote niliyoikamua kwa yale meno ya mbio haikuwa na pa kupita ila kooni, pamoja na juisi, hadi tumboni. Huko haina faida: sehemu kubwa huvunjwavunjwa na ini kabla haijafika kichwani. Ila ikipita hukera koo na tumbo, kiwambo cha chini ya mapafu kikishtuka hujikunja ghafla, hewa ikavutwa, koromeo likajifunga kwa kishindo. Ndiyo hiyo "hik".

Wala jojo haitafunwi "tu". Unaitafuna polepole mpaka usikie ladha ya pilipili, unaiegesha kati ya shavu na ufizi, unatulia. Ladha ikiisha unatafuna tena kidogo, unaegesha. Nusu saa inakwenda hivyo. Na robo saa kabla yake huruhusiwi kahawa, soda wala juisi. Yote hayo yaliandikwa kwenye ile karatasi iliyobaki kwenye pipa la taka la Uswidi.

Uswidi ndiko kwenyewe zilikoanzia, na asili yake ni manowari. Ndani ya manowari huwezi kuvuta. Hewa ni hiyohiyo ya watu wote. Claes Lundgren, mtafiti wa mji wa Lund, aliona kwamba mabaharia wavutaji wakizama huhamia kwenye tumbaku ya kutafuna na kutulia vizuri tu. Mwaka 1967 akamwandikia mkemia Ove Fernö wa kampuni ya dawa ya Leo mjini Helsingborg, naye mvutaji: kumbe wanachotaka ni nikotini, si moshi, kwa nini wasipewe bila moshi? Kazi ikachukua zaidi ya miaka kumi, jojo ikaanza kuuzwa Uswisi mwaka 1978. Nimewaza sana juu ya wale mabaharia. Walikuwa chini ya bahari, gizani, na vita ikinukia juu yao, lakini hakuna aliyewasomea orodha ya vilemba.

Tofauti kubwa ni mwendo. Moshi wa sigara hufikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20. Jojo, hata ukiitafuna kwa adabu zote, inataka dakika 20 au 30. Huko kwenye ubongo vipo vipokezi vya nikotini, na mvutaji wa miaka mingi anavyo vingi kuliko mtu mwingine, maana vimeongezeka kwa kuzoeshwa. Baada ya saa mbili hivi nusu ya nikotini imeshaondoka mwilini, na vipokezi vyote vinabaki vimekaa kama wageni wa harusi walioambiwa pilau linakuja. Vinaanza kunong'ona, kisha vinagonga sahani. Kelele hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Huo ndio wakati nilipopelekwa Mbagala.

Turudi barazani. Nililetewa maji. Nikapigwa mgongoni na mzee wa upande wao ambaye mkono wake ulikuwa na maoni kuhusu mahari. Nikaambiwa nizibe pumzi, nikaziba, kwikwi ikasubiri, nikaachia, ikatoka ya sauti mbili. Baba mkubwa akaninong'oneza, "Una nini mdomoni?" Nikamwambia ni dawa. Alisikia mwenye masikio nyuma ya pazia. "Ala! Anatafuna jojo?" Kikao kikanyamaza. Kutafuna jojo mbele ya wakwe watarajiwa, ukiwa umebeba neno la ukoo, ni kosa ambalo hata mtoto wa darasa la pili analijua.

Baba mdogo wa binti, mtu muungwana, akataka kuniokoa. Akanishika mkono, akanitoa hadi chini ya mwembe, akatoa pakiti. "Mshenga, vuta mbili tatu, itakata hiyo." Ilikuwa sigara yangu hasa, ile niliyoivuta miaka yote. Nikaitazama. Vipokezi vyote vikasimama. Nikasema, "Ahsante mzee, nimeacha." Akairudisha pakiti mfukoni polepole, uso ukabadilika. Ndivyo lilivyozaliwa shtaka la pili: mshenga amekataa mkono wa mwenyeji. Nidhamu ya pekee niliyowahi kuionyesha maishani mwangu imeandikwa kwenye kumbukumbu za ukoo wa watu kuwa utovu wa adabu. Baba mkubwa alimaliza mazungumzo peke yake, na hakupunguziwa hata shilingi.

Hayo ni ya posa. Kahawa nayo ilinifanyia lake. Kijiweni kwetu nakunywa kahawa chungu kila jioni na kashata yangu, vikombe vilevile miaka yote. Safari hii moyo ukaanza kudunda mpaka nikausikia masikioni, mikono ikatetemeka, usiku sikulala. Nikaenda zahanati nikiwa nimeshaaga nyumbani. Kumbe lami iliyo kwenye moshi huliamsha ini lizalishe kwa wingi kimeng'enya kinachovunja kafeini, na mvutaji huimaliza kahawa yake karibu mara mbili haraka kuliko asiyevuta. Ukiacha, ini linarudi kwenye mwendo wake ndani ya siku chache, na kikombe kilekile kinakuwa viwili. Muuguzi alinisikiliza, akaniambia nipunguze kahawa na niache kusumbua foleni.

Choo kilifunga. Suruali nayo ikakataa kufungwa. Pua ilizinduka nikiwa nimesimama kwenye daladala ya saa kumi na moja jioni, na heri ingelala. Usiku naota navuta, naamka na aibu, namwomba radhi mke wangu ambaye hata hajui anaombwa radhi ya nini.

Mkono ndio usiokuwa na kazi, basi nikaupa karanga. Natembea na karanga mfukoni mchana kutwa. Na hapo nikakumbuka Urambo, kule Tabora. Waingereza walipokuja na ule mradi wao wa karanga mwaka 1947, Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu walizofyeka, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Karanga zikagoma, mradi ukafutwa mwaka 1951, na Urambo ikageukia tumbaku, ambayo ilikubali. Serikali nzima ya kikoloni ilitoka kwenye karanga ikaangukia tumbaku. Mimi natoka kwenye tumbaku kwenda kwenye karanga, peke yangu, bila trekta.

Cheko liishie hapo, maana lipo linalonikera kweli. Sigara naipata dukani kwa Mangi, pale kona, kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane. Anauza moja moja, kwa sarafu. Kiberiti cha gesi kimening'inizwa dirishani kwa kamba, bure. Mvua ikinyesha ananipitishia kwenye nyavu na kuniwashia. Nilipomwambia nimeacha aliniambia, "Hongera kaka, chukua basi moja ya kuagia." Onyo la afya limechapwa kwenye pakiti, lakini anayenunua moja moja haioni pakiti, inabaki kwa Mangi, na Mangi havuti. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ibara ya 16, unazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji huu wa moja moja. Sisi ni wanachama tangu mwaka 2007.

Jojo je? Zilipoisha za soksi nilizunguka maduka ya dawa ya Kariakoo mpaka miguu ikavimba. Wa kwanza alinipa pipi za koo. Wa pili aliniuliza kama ni za minyoo. Wa tatu alimwita mwenzake aje anisikilize, wakacheka wote wawili. Dawa hizi ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, lakini mimi nazisubiri mpaka shemeji apate likizo. Kila Juni bajeti ikisomwa Dodoma, masikio ya wavutaji husimama kusubiri ushuru wa sigara. Nimeulipa ushuru huo kwa uaminifu kuliko wafanyabiashara wengi ninaowajua. Sidai kurudishiwa. Nadai dawa ya kuachia ipatikane angalau kwenye mji mkubwa kuliko yote nchini.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya: leteni hizo jojo, zikiwa na maelekezo ya Kiswahili, na mstari mmoja mnene unaotaja ukwaju kwa jina. Ziwekwe kwa Mangi, ziuzwe moja moja kwa sarafu. Nimeshamuuliza, amekubali, na amesema nafasi ya kuning'iniza ipo.