Sarafu Hufuliwa Mara Moja

Wengi hudhani kwamba anayeanza kukusanya sarafu za zamani za Uingereza na makoloni yake hupata hasara kwa ujinga, tamaa au uvivu. Mvivu tumtoe katika kesi hii mapema, maana hana hatia. Akirithi shilingi ya mwaka 1922 huitumbukiza kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, hulisukuma kopo uvunguni, kisha husahau. Miaka thelathini baadaye sarafu hutoka kama ilivyoingia, na mvivu huitwa mtunzaji. Anayeangamia ni mtu wa adabu: yule aliyelelewa vizuri, anayeheshimu wazee, anayependa usafi na anayejua kuweka akiba. Hizi ni fadhila tatu ambazo nyumba yoyote ya heshima ingejivunia, na kila moja ina namna yake ya kummaliza mkusanyaji mpya. Hoja yangu basi ni kwamba fani hii haihitaji mafunzo mengi kama inavyohitaji kusahau mafunzo mengi, na kwamba mikosi ya mwanzo, ambayo huwachekesha wazoefu na kuwaliza wageni, karibu yote hutokana na malezi mema yaliyopelekwa mahali yasipotakiwa.

Tuanze na heshima kwa umri. Kwetu mvi ni cheo, na mgeni wa fani huihamishia sarafu heshima ile ile. Akiona mwaka unaoanza na 17 hukaa sawa, kama aliyeingiliwa na mzee barazani. Sasa apewe riale ya Maria Theresa, ile ambayo watu wa pwani waliiita riale ya Sham. Upande mmoja kuna mama mnene mwenye ushungi, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili, na mwaka umeandikwa wazi: 1780. Hapo hesabu huanza kichwani. Karibu karne mbili na nusu, gramu 28, nyingi zake fedha! Ada ya shule imepatikana. Kumbe Maria Theresa alifariki mwaka huo huo wa 1780, na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu waliokwisha kuizoea sura yake hawakutaka kubadilishiwa mama. Basi viwanda viliendelea kuipiga sarafu ile kwa tarehe ile ile, na katika miaka ya 1930 kiwanda cha London nacho kikajiunga na kazi. Wajuzi huhesabu manyoya ya mkia wa tai na lulu za kibanio cha bibi ili kukisia ilipigwa lini na wapi. Mgeni husoma mwaka tu, huamini, na hulipa bei ya mzee wa 1780 kwa kijana aliyezaliwa pamoja na redio ya babu. Wala hawezi kushtaki: sarafu si ya bandia, na tarehe yake haikuchezewa na mtu. Imekataa tu kusema umri wake, jambo ambalo adabu hiyo hiyo inamkataza kumuuliza bibi yeyote.

Na hata umri ukiwa wa kweli, bei haina shikamoo. Visarafu vya shaba vya Warumi vya karne ya 4, ambavyo wakulima wa Uingereza wanaendelea kuviibua mashambani, vina zaidi ya miaka 1,600, lakini vingi huuzwa kwa bei ya chakula cha mchana, kwa sababu vilipigwa kwa wingi wa kutisha na havijaisha ardhini. Wakati huohuo peni ya mwaka 1933, ambayo ni mtoto mdogo mbele yao, huwakosesha watu usingizi. Mwaka huo mabenki yalikuwa na peni za kutosha, kwa hiyo zikapigwa zinazohesabika kwa vidole, na kadhaa zikafukiwa chini ya mawe ya msingi ya majengo kama desturi. Mwaka 1970 wezi walilifukua jiwe la kanisa moja huko Leeds na kuondoka na peni yake. Nadhani ndio mara chache wezi wamevunja kanisa na kuiba peni moja bila kuchekwa na wenzao. Kinachofanya bei, kwa hiyo, ni zilibaki ngapi, zinatafutwa na wangapi, na ziko katika hali gani. Umri hukaribishwa kikaoni, lakini haupigi kura.

Hoja hii ina shahidi kutoka kwetu. Mfalme Edward wa Nane alitawala tangu Januari hadi Desemba 1936, akaacha taji kabla sarafu zake za Uingereza hazijaanza kutumika. Alikuwa amesumbua pia kuhusu sura yake: desturi ilimtaka atazame upande tofauti na baba yake, naye alitaka kutazama kushoto, upande uliomfaa kwa mpasuo wa nywele zake. Zikabaki sarafu za majaribio, na mwaka 2020 pauni moja ya dhahabu yenye sura yake iliuzwa pauni milioni moja. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati. Sura isingeweza kukaa pale. Palikuwa na taji, jina la mfalme, na upande wa pili pembe mbili za ndovu zilizopinda kulizunguka tundu. Hapakuwa na pua ya kubishania ielekee wapi, hivyo zikapigwa kwa mamilioni, zikafika Mombasa na Dar es Salaam, zikanunua chumvi na kiberiti. Leo ya kawaida haizidi sana bei ya kikombe cha chai na andazi lake. Mfalme ni yule yule na mwaka ni ule ule; tofauti ya milioni ni tundu. Mgeni anayesoma habari za London kisha akafungua kopo la bibi yake ana hatari ya kuandika barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo.

Fadhila ya pili, usafi, ndiyo muuaji mkubwa. Mtu aliyekulia katika nyumba ambamo sinia za shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu kila Idi hawezi kuitazama sarafu nyeusi bila mkono kuwasha. Anaona uchafu, kumbe ni utando ambao madini yameuvaa polepole kwa miaka, na ambao sasa unayakinga. Hebu tuisogeze karibu ile shilingi yetu ya Afrika Mashariki, yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Chapa ya chuma inapoigonga sarafu kiwandani, madini hutiririka kidogo kuelekea ukingoni na kuacha mistari myembamba isiyoonekana kwa macho matupu. Ndiyo inayoufanya mwanga ukimbie juu ya sarafu mpya kama spoku za baiskeli unapoiinamisha chini ya taa. Ndimu huila mistari hiyo, na majivu huweka mikwaruzo mahali pake. Tena shilingi za kuanzia 1921 hadi 1946 zilikuwa na fedha robo tu. Uingereza yenyewe ilikuwa imeshuka kutoka fedha 925 kwa elfu hadi 500 mwaka 1920, na makoloni yakapewa nusu ya nusu hiyo, kama maziwa ya mjini. Ukiusugua ule weupe wa juu kwa bidii, rangi ya madini ya chini huanza kuchungulia. Simba hung'aa jioni ile kama sufuria ya harusi, na asubuhi muuzaji humtazama mara moja, huweka lenzi chini, na kuuliza kwa upole kama zipo nyingine ambazo hazijaoga.

Najua pingamizi: je, sarafu iliyogandamana na udongo hadi haisomeki nayo iachwe? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba kuna tofauti kati ya kuondoa kilicholala juu ya sarafu na kuondoa sarafu yenyewe. Udongo unaweza kulainishwa kwa kuiloweka katika maji yaliyokenekwa, kwa siku kadhaa ikibidi, bila kusugua. Mafuta na gundi huondoka kwa asetoni safi, mbali na moto, wala si ile ya kufutia rangi ya kucha yenye manukato, ambayo huiacha sarafu ikinukia kama bibi harusi. Kisha hukaushwa kwa kugusishwa kitambaa laini tu. Zaidi ya hapo mkono urudi mfukoni. Lugha yetu, ajabu, ilikwisha kutuonya. Tunasema mhunzi anafua chuma na sonara anafua dhahabu, na kwa neno hilo hilo tunasema mtu anafua nguo. Mkusanyaji mpya huchanganya maana hizi mbili. Sarafu hufuliwa mara moja tu, nayo ni siku ile ya nyundo.

Fadhila ya tatu ni akiba, ambayo methali hutuhakikishia kwamba haiozi. Mtunga methali hakuwahi kuona vifuko laini vya plastiki ya PVC. Mgeni wetu, baada ya kuungama dhambi ya ndimu, huapa kuzitunza zilizobaki: huzitia moja moja kwenye vifuko hivyo vizuri vinavyopindika, hufunga kwa mpira wa kufungia noti, na kuweka kabatini kwa furaha ya mtu aliyetimiza wajibu. Plastiki ile kadiri inavyochakaa hutoa tindikali, na sarafu ya shaba huanza kutoka jasho la kijani linaloteleza kama mlenda. Mpira nao una salfa, inayoichafua fedha kwa weusi. Hata vidole huacha chumvi na mafuta yake. Ndiyo maana sarafu hushikwa ukingoni kwa ncha za vidole, kama chapati inayotoka kikaangoni. Yule mvivu na kopo lake la uvunguni, tuliyemwacha mwanzoni, bado anaongoza.

Kuna pingamizi zito zaidi, na halihusu ndimu. Wengine husema: kwa nini mtu wa Afrika Mashariki ahangaike kutunza majina ya wafalme waliotutawala? Si bora ziyeyushwe? Ningekubali kama sarafu zingekuwa picha za kuabudiwa. Lakini ni ushahidi, na mara nyingi ushahidi dhidi ya mwenyewe. Tazama maandishi ya Kilatini yaliyomwita George wa Sita mfalme na kaisari wa India. India ilipojipatia uhuru mwaka 1947, ukaisari ulifutwa, na shilingi zetu za 1948 zikaja na mfalme aliyepungua cheo. Tazama ile sarafu ya 1920 iliyoandikwa senti hamsini na shilingi moja kwa pamoja, na ile ya 1921 iliyoandikwa senti hamsini na nusu shilingi. Fedha ya nchi nzima ilibadilishwa kutoka rupia hadi florini hadi shilingi ndani ya muda ambao mbuzi hajazeeka, na kilichoshuhudia ni vipande hivyo. Wakati sisi tulihesabu kwa mamia kwa wepesi, Waingereza kwao walikuwa bado na peni 12 katika shilingi na peni 240 katika pauni, na hawakujikomboa hadi tarehe 15 Februari 1971. Wala hatuwezi kuziyeyusha zikatutoka kinywani. Pesa ni neno lililokuja na biashara ya Bahari ya Hindi, hela tuliachiwa na Wajerumani, shilingi na senti ni za Waingereza. Mtu anayesema hataki kusikia habari za sarafu za wakoloni huenda ametoka sasa hivi kulalamika kwamba hana hela.

Isidhaniwe kwamba nawataka wanaoanza waache malezi yote mlangoni. Ipo methali moja ambayo fani hii haijaikanusha: mali bila daftari hupotea bila habari. Sarafu iliyoandikiwa ilikopatikana, lini, kwa bei gani na ina uzito gani ni sarafu yenye nasaba. Isiyoandikiwa ni kipande cha chuma chenye hadithi ya muuzaji. Na uzito usikisiwe. Shilingi ya simba ni karibu gramu 7.8; ikipungua sana, simba huyo amefugwa kwenye karakana ya mtu. Ushauri huu si wangu. Pesa ya shaba iliyotolewa Mombasa mwaka 1888 na Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilichorwa mizani, kama ile ya Sultani Barghash wa Zanzibar iliyoitangulia. Sarafu yenyewe ilimwambia mpokeaji, bila aibu, aipime kabla ya kuiamini. Mkusanyaji mpya akiipata mojawapo, nyeusi kama sufuria ya kuni, na akaweza kuisoma, kuipima, kuiandika daftarini na kuirudisha mahali pake huku ndimu zikiwa mezani hazijakatwa, huyo amekwisha kuhitimu, na ndimu hizo zitamfaa kwenye samaki.