Mawasiliano ni Stendi: Shangazi wa Steshenari Anajibu

Wiki hii umeme umenisumbua mno huku Temeke, kwa hiyo badala ya kuchapa sivii za watu nimekaa kibandani nasoma barua zenu. Kwa wasionijua: nina steshenari yenye mashine moja ya fotokopi, kijana mmoja wa kuiendesha na kompyuta mbili, na moja tu ndiyo nzima. Nachapa barua za maombi, natoa kopi za vyeti, nalaminisha vitambulisho. Sivii zilizopita mikononi mwangu sijazihesabu, ila karibu zote zina sentensi moja inayoambukizwa kutoka flashi hadi flashi kama mafua: "Nina uwezo mkubwa wa mawasiliano." Kinachobadilika ni jina la juu. Yupo kijana aliyesahau hata hilo, akaomba kazi kwa jina la binamu yake.

*Shangazi, shikamoo. Nimemaliza chuo na nimeomba kazi hadi nywila ya Ajira Portal naiota usiku. Kwenye usaili sijaitwa hata mara moja. Sivii yangu inasema nina mawasiliano mazuri, najituma, na naweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Nakosea wapi? Fildi nilifanya ofisi ya serikali ya mtaa lakini hakuna cha maana nilichofanya. — Mkaa Nyumbani, Chamazi*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na shinikizo: kinachofanya kazi kwa shinikizo ni pampu ya maji. Futa.

Mawasiliano mazuri ninayoyajua mimi yako pale Stendi ya Mawasiliano, Simu 2000, daladala zinaingia na kutoka mchana kutwa. Neno lako nalo ni kama ile stendi. Limekaa mahali pamoja, linasubiri magari. Hebu lichokonoe uone limetoka wapi. Ndani yake kuna wasili, yaani fika. Litie mkia upate wasilisha: kukifanya kitu kifike. Litie mkia mwingine upate wasiliana: watu wafikiane. Anayesoma sivii yako, huku nyingine zimejaa mezani kwake, ana swali moja tu. Kilifika nini, na kilimfikia nani?

Nilikupigia simu kuuliza kuhusu hiyo fildi "isiyo na maana". Ukaniambia, tena kwa kujivuta, kwamba watu walikuja kufuata barua za utambulisho: huyu ya kitambulisho cha NIDA, yule ya kufungulia akaunti benki. Mzee mmoja akarudishwa mara tatu kwa sababu hakuna aliyemwambia alete nini. Wewe ukachukua karatasi, ukaandika kwa herufi kubwa vitu vinavyotakiwa, ukaibandika mlangoni, na safari za bure zikapungua. Mwanangu! Hiyo ndiyo sivii, umeificha chini ya godoro. Andika: "Nilipokea wakazi waliofuata barua za utambulisho, nikawaeleza vielelezo vinavyotakiwa, nikaandika mwongozo na kuubandika mlangoni, waliorudishwa kwa kukosa vielelezo wakapungua." Hakuna kitenzi hapo kinachohitaji kamusi, na ukikigusa kila kimoja unamkuta mtu upande wa pili.

Huku unafuta, futa pia "nilihusika na" na "nilishiriki katika". Hata aliyekuja kula pilau alishiriki katika harusi.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni konda, Tandika–Kariakoo, miaka sita sasa. Imetoka nafasi ya huduma kwa wateja, wanataka "uzoefu wa mawasiliano". Mimi kazi yangu ni kupiga kelele mlangoni. Niandike kwamba nilikuwa afisa masoko kwenye duka la mjomba? — Ning'inia Mlangoni, Tandika*

Marahaba. Mjomba mwache auze mchele wake.

Siku yako naijua, kwa sababu abiria wako ni mimi. Alfajiri unaita watu. Jua halijachomoza unawasogeza nyuma watu ambao huko nyuma hawana pa kukanyaga. Unamdai nauli bwana aliyefumba macho ghafla. Unampoza mama aliyepitishwa kituo. Mgeni anayekwenda kumwona mgonjwa Muhimbili unamwambia ashukie wapi na apande gari gani, na mkifika unamkumbusha, maana ameshasinzia. Unaamua ugomvi wa dirisha, mmoja anataka upepo, mwingine ana mafua. (Wanafunzi mnaowaacha kituoni usiwaandike. Hilo litakuwa kati yako na Mungu.)

Tena kelele hizo usizidharau. Daladala yenyewe ilipata jina kwa midomo ya watu wa kazi yako. Miaka ya 1980, nauli ikiwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu wakiiita dala, makonda waliita vituoni "Dala! Dala!", na jina likanasa hadi leo. Nitajie afisa masoko aliyelipa jiji zima neno, bure, kwa kulirudia tu.

Sasa tuchague vitenzi, na hapa usiwe na haraka. Kutangaza, kuita na kunadi ni kazi tatu. Anayetangaza hajali nani amesikia. Anayeita anamtaka mtu aje. Anayenadi anamtaka aje na hela. Wewe ulikuwa ukinadi, siti ikiwepo na isipokuwepo. Kwenye ugomvi nako kuna ngazi. Ukituliza, sauti zimeshuka. Ukisuluhisha, shauri limekwisha. Ukipatanisha, watu wamepeana mikono na kuulizana habari za nyumbani. Tandika hadi Kariakoo si safari ya kutosha kupatanisha watu, foleni iwe ndefu namna gani, kwa hiyo andika "nilisuluhisha" na uishie hapo.

Iwe hivi: "Nilihudumia abiria kila siku kwa miaka sita: niliwaelekeza wageni wa jiji, nilikusanya nauli na kurudisha chenji, nilisikiliza malalamiko na kusuluhisha migogoro papo hapo, gari likiwa linatembea." Hayo maneno ya mwisho yaache kama yalivyo. Watu wa huduma kwa wateja husuluhisha wakiwa wamekaa, wana kiyoyozi na simu ya kumhamishia mwenzao.

Ila usiniletee "Niliratibu usafirishaji wa umma ukanda wa kusini mwa jiji". Kijana wangu wa fotokopi alimwandikia hivyo kaka yake nilipokwenda kuswali. Nilirudi nikaifuta.

*Shangazi, nimekuwa katibu wa kamati za harusi nne, na ya tano imeanza, ya shemeji yangu. Naomba kazi kampuni ya mikopo. Naweza kuziweka kwenye sivii? Mume wangu anacheka. — Katibu wa Kudumu, Tegeta*

Muulize mume wako ahadi yake ya harusi ya mdogo wake ameimaliza? Hapo hapo atanyamaza.

Mama, kuna kazi chache ngumu hapa mjini kuliko kumkumbusha mtu mzima laki moja aliyoitaja kwa mbwembwe kikao cha kwanza, mbele ya wakwe. Sasa ni tarehe ishirini na tano, kodi ya nyumba imemkaba, na simu yako akiiona inaita anaigeuza kifudifudi. Ukiwa mkali, undugu umekufa. Ukiwa laini, ukumbi haujalipiwa. Wewe umevuka mtego huo mara nne na bado unaalikwa misibani na arobaini zao. Kampuni ya mikopo inatafuta nini zaidi?

Tatizo ni kwamba umeandika "nilikusanya michango". Kukusanya hata fagio linakusanya. Katikati ya ahadi na pesa ulifanya mambo mengi, yaseme. Kwanza uliorodhesha ahadi. Ukakumbusha, ambako ni kumrudishia mtu neno lake bila kumvunjia heshima. Ukahimiza, yaani ukamtia hamu kwa kumwambia waliobaki ni wachache. Ukabembeleza, na hilo usiliandike, tunajua. Ukadai, lakini siku tatu za mwisho tu. Kinachobeba haya yote ni kufuatilia, kitenzi ambacho ofisi nyingi zinakihitaji kuliko zinavyohitaji viti. "Nilifuatilia ahadi za wachangiaji kwa simu na ujumbe, nikatoa taarifa ya mapato kila kikao." Weka na idadi ya wachangiaji na kiasi kilichotimia. Madaftari unayo, tarakimu zitoke humo na si kichwani.

Mume wako akicheka tena, mpe nafasi ya mweka hazina.

*Shangazi, nimefuata ushauri wa kutumia vitenzi vyenye nguvu. Nimesaidiwa na programu ya akili mnemba kwenye simu, ikanipa: "Nilichagiza wateja, nilidadavua sera za kampuni, nilibainisha bayana na kuakisi taswira chanya ya taasisi." Naona imependeza. Ukweli nilikuwa nauza vocha. — Bingwa wa Istilahi, Manzese*

Baba, kuchagiza kwa Kiswahili cha nyumbani ni kumwandama mtu mpaka achoke. Umemwambia mwajiri kwamba uliwasumbua wateja. Huenda ni kweli, maana vocha nimewahi kununua Manzese.

Nikwambie kitakachotokea. Kwenye chumba cha usaili hakosi kuwepo mama mmoja wa makamo, miwani imemshukia puani. Hasemi kitu muda wote. Halafu atasoma "nilidadavua sera", atainua kichwa taratibu, atauliza: "Sera gani, mwanangu?" Utamwambia nini? Utamdadavulia vocha ya elfu moja?

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka mwombaji ataje wadhamini watatu wa kuaminika. Watu huona hicho ni kipengele cha kujazia ukurasa. Mimi ndicho ninachopimia vitenzi. Nikimpigia mdhamini wako wa kwanza nikamsomea sentensi hii, atasema "ndiyo, alifanya," au atakohoa? Mdhamini akikohoa, futa. Uliwafafanulia wateja vifurushi, wakachagua kinachowafaa? Uliwasaidia wazee kusajili laini? Basi hayo ndiyo maneno yako, na mdhamini hatahitaji maji.

*Shangazi, sivii niandike kwa Kiingereza au Kiswahili? — Njia Panda, Bunju*

Fuata lugha ya tangazo. Lakini hata kama itaishia kwa Kiingereza, ianze kwa Kiswahili kwenye daftari, kwa sababu Kiswahili ni mbea, hakikuachii useme nusu. Ukiandika "nilimweleza", hiyo m iliyojipenyeza katikati inataka kujulikana ni nani. Ukiandika "niliwaelewesha", wa anauliza ni wangapi, na ile -sha ya mwisho inauliza kama kweli walielewa. Ukishawajibu wote hao watatu, hamia Kiingereza. Hutakuwa na sentensi ya kuficha kitu ndani.

*Shangazi, mimi si mwongeaji. Nasaidia kwenye duka la dawa muhimu, nakaa kaunta siku nzima, maneno yangu machache. Kila tangazo linataka mtu mchangamfu. Nijifanye? — Mkimya, Buza*

Usijifanye, utachoka kabla ya saa sita mchana.

Barua yako nimeisoma zaidi ya zote, kwa sababu ya jambo ulilolitaja kwenye mabano kana kwamba si kitu. Unasema mteja akichukua dawa humwachii aondoke na "moja kutwa mara tatu". Unamwomba: hebu niambie, nyumbani utampaje mtoto? Na kuna mama alikujibu kwamba atampa vijiko vitatu asubuhi, kwa mkupuo, ili awahi kazini. Ukamketisha, ukamweleza upya.

Binti yangu, hapa Temeke kuna wasemaji wengi kuliko siti za mwendokasi. Aliyesema kisha akanyamaza kusikia kama neno limefika, huyo simpati kila siku. Usiandike "nilihakikisha wateja wanaelewa". Kuhakikisha kumechakaa, kila mtu anahakikisha na hakuna anayeulizwa alihakikishaje. Wewe njia unayo, iandike: "Niliwaeleza wateja matumizi ya dawa na kuwaomba wayarudie kwa maneno yao kabla ya kuondoka, aliyekosea nilimweleza upya." Kisha sikiliza, kama kitenzi, kipe mstari wake. "Nilisikiliza maelezo ya wateja na kumwita mtoa dawa pale dalili zilipohitaji hospitali." Kama ulifanya hivyo, lakini. Nakuamini, ila mdhamini wako nitampigia.

Kuchapa kwako ni bure. Usiwaambie wengine.

*Shangazi, kwa heshima na taadhima, na kwa kuzingatia mazungumzo yetu ya awali kuhusiana na suala tajwa hapo juu, napenda kukujulisha kwamba kufuatia kuajiriwa kwangu kulikotokana na sivii uliyonichapia, kumejitokeza changamoto katika eneo la mawasiliano, ambayo naomba ifanyiwe kazi kwa namna itakayoonekana inafaa. — Mwajiriwa Mpya, Kinondoni*

Hongera kwa kazi. Nimeisoma mara mbili, kisha nikampa kijana wa fotokopi. Alipofika "suala tajwa" akauliza hapo juu pana nini. Hapo juu pana feni, na haizunguki, umeme bado haujarudi. Nipigie simu, baba.