Injini Isiyokunywa Maji: Mwongozo wa Kuvijua Viungo Vyake, kwa Watu wa Nateete na Jirani Zao

Kwanza kabisa, usifungue boneti ya mbele. Ndani yake utakuta tairi la akiba na tangi la petroli, na watu waliokusanyika watakucheka mpaka Busega. Volkswagen ya zamani, ile yenye umbo la kobe, imebeba injini yake nyuma. Zunguka, inua kifuniko cha nyuma, halafu anza na kazi iliyo ngumu kuliko zote: kumwondoa mjuaji.

Mjuaji hakosekani kwenye gereji za barabara ya Masaka. Anasimama mikono kiunoni, mfukoni hana hata spana namba 10, na kabla hujainama ameshatoa hukumu: "Hii rejeta imeziba." Mwambie kwa adabu, "Ssebo, gari hili halina rejeta." Atanyamaza kidogo, kisha atasema basi ni pampu ya maji. Hapo mtume akakuletee chai, tena kwenye kibanda cha mbali.

Ukibaki peke yako, tazama. Injini hii haina hata tone la maji. Inapozwa na upepo na oili. Silinda zake nne zimelala chali, mbili kulia na mbili kushoto, na kila moja imezungukwa na mabamba membamba ya chuma, kama mapezi ya samaki. Kama huyajui mapezi hayo, isimamishe bodaboda yoyote ya Boxer umtazame mpanda pikipiki amekaa juu ya nini: ni yaleyale. Pikipiki hiyo inaitwa Boxer ingawa ina silinda moja tu. Boxer ya kweli, kwa lugha ya wahandisi, ni hii ya Volkswagen, ambayo pistoni zake zinaelekeana kama mabondia wawili ulingoni.

Sasa hesabu silinda. Watu wengi hukosea hapa, wakafunga nyaya za plagi ovyo, gari likapiga chafya mtaa mzima. Simama nyuma ya gari, uso ukielekea mbele. Kulia kwako ndiko kulia kwa injini. Namba 1 ni ya kulia iliyo mbali nawe, upande wa gia boksi. Namba 2 ni ya kulia iliyo karibu nawe. Namba 3 ni ya kushoto iliyo mbali, na namba 4 ya kushoto iliyo karibu. Moto unazifuata hivi: 1, 4, 3, 2. Chukua rangi nyeupe uandike namba hizo juu ya mabati yanayofunika silinda, kubwakubwa, kila mtu azione.

Kisha tafuta cheti chake cha kuzaliwa. Chini ya kiti cha dainamo, kwenye mwili wa injini, pamepigwa herufi na namba. Futa grisi kwa kitambaa chenye petroli utaziona. Herufi D ni 1200. F ni 1300 na AB pia ni 1300, ila ya baadaye. H ni 1500. B na AD ni 1600. Ziandike kabla ya kupanda teksi kwenda soko la Kisekka, kwa sababu muuzaji atakuuliza, "Pistoni ya ngapi?" Ukijibu "ya Volkswagen" umejiuza mwenyewe. Injini za 1200 na 1300 huchukua pistoni ya milimita 77, ya 1500 huchukua 83, na ya 1600 huchukua 85.5. Ila mwili wa injini unaweza kuwa wa mwaka huu na silinda za mwaka ule, maana magari haya yamepita mikononi mwa mafundi wengi. Ukishafungua, pima. Herufi inakuonyesha njia, na kipimo ndicho kinachokata shauri.

Hedi nazo ni za aina mbili. Ya zamani ina tundu moja la kuingizia hewa, na bomba linalotoka kwenye kabureta ni la chuma, zima tangu upande huu hadi ule. Ya baadaye ina matundu mawili kila upande, na ncha za bomba ni za alumini, zimegawanyika kama vidole viwili na kuungwa kwa mipira na klipu. Usikubali kuambiwa zinaingiliana. Haziingiliani.

Karibu na soko la Nateete nilimkuta fundi mzee ambaye hana haja ya mwongozo wangu. Ametandika gunia chini na kupanga viungo kama vilivyokaa kwenye injini, vya kulia upande wa kulia, vya kushoto upande wa kushoto. Kijana wake alikuwa ameokota vijibati vya duara kutoka kwenye puli ya dainamo, vyepesi, vyenye tundu kubwa katikati.

"Mzee, hizi washa nizitupe?"

Mzee alimshika mkono. "Hizo si washa, mwanangu. Ndizo zinazokaza mkanda."

Ni kweli. Mkanda wa feni wa injini hii haukazwi kwa kusogeza dainamo. Puli ina nusu mbili, na vijibati hivyo hukaa katikati yake. Ukitoa kimoja, nusu zinakaribiana, mkanda unapanda juu na kukaza. Ulichotoa hukitupi. Unakivalisha upande wa nje, chini ya nati ileile, kisubiri siku ya mkanda mpya. Ukibonyeza mkanda kwa dole gumba, ushuke kama sentimita moja na nusu. Feni imefungwa kwenye ekseli ya dainamo, kwa hiyo mkanda ukikatika, upepo na chaji vinaondoka pamoja. Taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, simama hapohapo. Usiseme utafika kwanza Ndeeba.

Kiungo kinachoniuma zaidi ni bati. Injini hii imevikwa mabati: kubwa linaloifunika feni, mengine juu ya silinda, na mengine ya chini yanayotenga hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini. Anayetaka kazi nyepesi huyatoa, akidhani ni mapambo, au akidai injini "ipumue". Ukiyatoa, upepo wa feni unatawanyika bila kupita kwenye mapezi, na feni inavuta tena joto lililokwisha kutoka. Hata kimpira cha duara kwenye kofia ya plagi kina kazi yake: kinaziba tundu la bati ambalo plagi imepitia. Nimeona injini nyingi zisizo na hata kimoja cha vimpira hivyo, na wenyewe wanalaumu petroli.

Joto hilo huipata kwanza silinda namba 3. Kwenye injini za kabla ya modeli za 1971, kipoza oili kimesimama ndani ya bati la feni, upande wa kushoto, juu ya silinda hiyo. Upepo unaoifikia umeshapita kwenye oili ya moto. Kiwandani walikuja kukihamisha kipoza kikapewa njia yake pembeni. Ukipima valvu, basi, anza na namba 3, injini ikiwa baridi kabisa. Nafasi ni milimita 0.15.

Yapo mengine ya kupita haraka. Mabomba manane chini ya silinda, yenye ncha za mikunjo kama kinanda cha mkono, ni nyumba za pushrodi. Oili ikidondoka hapo, tazama sili zake kwanza. Filta ya oili usiitafute, haipo. Kuna chujio la waya chini ya injini, limeshikwa na nati 6 ndogo, na oili inayoingia ni lita 2.5 tu. Thamostati nayo ni kijikopo cha mikunjo chini ya silinda za kulia, kinachotanuka kwa joto na kufungua milango ya upepo. Kijana mmoja alitumwa mjini kuileta akarudi na ya gari linalopozwa kwa maji, kwa sababu muuzaji aliapa kwamba thamostati ni thamostati.

Nateete isikubali kuchezewa hivyo. Alexander Mackay, mhandisi kutoka Scotland aliyefika Buganda mwaka 1878, alifua chuma hapahapa, na watu wakamwita kwa Kiswahili mzungu wa kazi. Shule ya Mackay Memorial iliyopo hapa ina jina lake. Na gari lenyewe si la kudharauliwa: lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, kwa injini ya aina hiihii.

Gari la mwisho la umbo hili lilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003. Yaliyopo ndiyo hayo. Basi nenda na daftari kwa fundi mzee angali anaona vizuri, mwombe ataje kila kiungo kwa jina, nawe uandike. Na ukipita kwenye lundo la chuma chakavu ukaona bati jeusi lililopinda kama ganda, lenye matundu mawili ya plagi, liokote. Lipeleke kwa mzee yule, atakuambia ni la kulia au la kushoto.