Ngao ya Porini, Safari ya Mwenge

Mmh! Hebu sogea hapa benchini, chukua kikombe chako cha kahawa, halafu itazame hii barabara yetu kwa dakika chache tu. Hiyo Hilux nyeupe inayokuja umeiona? Umeiona mbele ilivyovaa? Ngao ya mabomba ya kuvunjia geti la gereza! Taa nne juu, winchi katikati, ndoano nyekundu inaning'inia. Sasa mfuatilie mwenyewe anakokwenda na silaha zote hizo. Porini? Wapi! Anakwenda Mwenge kumchukua mtoto tuisheni. Tope pekee lililowahi kugusa matairi yale ni la pale kwa waosha magari.

Tusije tukaeleweka vibaya, hatusemi ngao ni kitu kibaya. Ngao ina kwao. Waaustralia waliipenda kwa sababu ya kangaroo, mnyama anayekurukia usiku kwenye taa bila hodi, akakuachia rejeta imepasuka na mji uko kilomita mia tatu mbele. Kampuni yao ya ARB imekuwa ikitengeneza vitu hivi tangu 1975. Hata huku kwetu, dereva wa watalii wa Arusha anayeshuka makorongo, au bwana shamba wa Katavi wakati wa masika, ngao inamfaa. Inambebea winchi. Tena imekatwa pembeni ikapanda juu, kwa hiyo gari linakwea ukingo wa korongo bila bampa kuchota udongo. Huyo hatuna neno naye.

Ila wewe wa Sinza, kangaroo wako ni nani? Bodaboda? Yarabi toba! Maana ukweli ndiyo huo: kwenye foleni za mjini, anayekutana na kile chuma ni bodaboda, au mama aliyebeba ndoo ya dagaa. Ulaya walilishtukia hilo, mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ukatoa agizo kwamba ngao za mbele zipimwe kwanza zitakavyomfanya mtembea kwa miguu, mguu wake na hata kichwa cha mtoto. Sisi huku tunaipima kwa macho: "Imetoka bomba, bosi!"

Sasa tuje kwenye kuifunga. Hapo ndipo vichekesho vinapoanzia.

Kuna jamaa yetu wa hapa hapa kijiweni, jina lake tunalimeza, alipata ngao ya mtumba kwa mtu wa mtu. Akaambiwa maneno yaliyowafilisi wanaume wengi mjini: "Hii inakaa gari lolote, bosi." Nyoo! Wakaipeleka kwa fundi chini ya mwarobaini. Fundi akaitazama ngao, akalitazama gari, akaguna, akachukua grenda. Wala hakupima! Bampa la plastiki likakatwa katikati, waya za taa za fogi zikaachwa zinaning'inia, zikafungwa kwa solotepu. Kuja kulinganisha matundu, ya mabano yako hapa, ya chesisi yako vidole viwili pembeni. Unajua fundi alisemaje? Unajua! "Usijali bosi, tunachomelea tu."

Kuchomelea kwenye chesisi, ndugu zangu. Siku rejeta ikivuja, ngao haitoki mpaka grenda irudi tena.

Zile bolti chache zilizobahatika kuingia sasa, hizo ndizo za kulia. Bolti ya kazi hii ina namba kichwani, utaikuta imechapwa 8.8, na sio siri, kipofu anaweza kuisoma kwa kidole. Mzee mmoja wa benchi letu, aliyestaafia karakana, akainama na miwani yake kuzikagua. Moja ina namba, moja haina kitu, na ya tatu, walahi, ni bolti ya kitanda! Gari liliposhushwa kwenye jeki, upande wa kulia kati ya ngao na mudigadi kidole hakipenyi, upande wa kushoto unaingiza ngumi nzima. Mwenye gari akasimama mbali, akainamisha kichwa kidogo ili ionekane imenyooka, akasema: "Safi kabisa, fundi." Tukasonya wote kwa pamoja.

Na wala kazi yenyewe si ngumu kihivyo. Ngao ya maana inatengenezwa kwa ajili ya gari lako, mwaka wake na umbo lake, na inakaa kwenye chesisi, sio kwenye bodi. Matundu ya mabano yake huchongwa marefu makusudi, ili isogezeke. Unaiegemeza kwenye jeki maana ni nzito, unaingiza bolti zote kwa mkono bila kukaza hata moja, unapima nafasi kulia na kushoto, ndipo unaomba spana. Lakini nani ana subira? Mwenye gari ana send-off ya shemeji saa kumi.

Halafu uzito! Ngao ya chuma na winchi yake inafika kilo mia bila shida, na mzigo wote huo umekaa mbele ya ekseli. Springi zinalalamika, pua inainama. Mwenye gari ananunua springi ngumu, pua inapanda, na taa zinapanda nayo. Kumbe hakuna aliyekumbuka kuzishusha, sasa kila dereva wa daladala anayekutana naye usiku anamtukania mama. Gari likishanyanyuka anataka matairi makubwa. Matairi yakija yanakwaruza ngao kila akikata kona. Chuma kimoja kinaita kingine, na ada ya mtoto wa tuisheni ndiyo inayolipa.

Ya winchi ndiyo kali kuliko zote. Winchi ya pauni 9,500, yaani inavuta kama kilo 4,300, mtu anaifunga kwenye ngao iliyoshikwa na bolti ya kitanda! Kuna mmoja alikwenda nayo shambani Mkuranga, masika yale ya kutisha, gari likazama hadi tumboni. Akazungusha kamba kwenye mwembe, wanakijiji wakakaa pembeni na miwa yao kutazama sinema. Akabonyeza. Mwembe haukuja. Gari halikuja. Ngao ndiyo iliyokuja.

Polisi nao wana yao. "Mzee, namba ya gari iko wapi?" "Nyuma ya winchi, afande." Eti nyuma ya winchi! Afande ainame achungulie?

Tunacheka, ila kuna pahala kicheko kinakwama kooni. Mbele ya gari la siku hizi imepangwa ibonyee ikigongwa, inywe kishindo, na vihisi vinasoma mbonyeo ule ndipo eabegi zifyatuke kwa wakati wake. Ukiweka pale chuma kisichobonyea, hesabu hiyo umeivuruga. Kampuni makini huzijaribu ngao zao zielewane na eabegi. Ile ya chini ya mwarobaini itajaribiwa siku utakayogonga, na wa kuijaribu ni wewe na waliokaa humo ndani.

Kwa hiyo, bwana mkubwa wa ngao, hatukukatazi kupita hapa. Pita, tukuone. Lakini leo jioni vua shati, lala chini ya gari lako na tochi, soma vichwa vya bolti kimoja baada ya kingine. Usipoiona 8.8, nenda kwa fundi mwingine, sio yule. Na lile bampa lako la plastiki, kama grenda ya yule wa kwanza haijalifikia na hajaliuza bado, kalidai kesho asubuhi.