Barua ya wazi kwa kamati itakayopitia kiwanda cha taka

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Kupitia Maombi ya Kiwanda cha Kurejeleza Taka,
Halmashauri (jina litajazwa baadaye).

YAH: MAONI YA MKAZI WA KATE, NKASI, KUHUSU KIWANDA AMBACHO BADO HAKIJAOMBWA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu, ingawa mhusika mkuu hajazaliwa.

Mwekezaji hajafika. Hakuna aliyeleta ramani, wala andiko, wala lile gari jeupe lenye vioo vyeusi ambalo kwa desturi hulitangulia andiko. Naandika mapema kwa sababu nawajua. Barua ikiondoka huku Kate leo, ikapitia kwa mtendaji, halafu kwa mtu anayemjua mtu wa masijala, mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa, mwekezaji atakuwa ameshaota mvi. Nikisubiri aje kwanza, nitakuwa nawaandikia wajukuu zenu.

Niwaondoe hofu juu ya ugeni wa jambo lenyewe. Makao makuu ya mkoa wetu huenda ndiyo mji pekee nchini uliopewa amri ya usafi kuwa jina. Wazee husema Sumbawanga ni sumba uwanga, yaani tupa uchawi. Mgeni akipanda huku juu uwandani aliambiwa autue mzigo wake mlangoni. Hawakusema autupe wapi hasa, na nadhani hapo ndipo tatizo letu la dampo lilipoanza.

Utekelezaji nao tumeuona. Mwaka 1963 na 1964 walipita huku kwetu Ufipa watu wa Kamchape, kijiji kwa kijiji, wakikusanya pembe na dawa za walioitwa wachawi. Jina hilo ni ndugu wa mchape, msako kama huo wa miaka ya 1930 kutoka Nyasaland, ambako kuchapa ni kufua nguo. Mwanaanthropolojia Roy Willis alikuwapo Ufipa miaka hiyo na akaandika juu yao. Ukiutoa uchawi pembeni, ile ilikuwa huduma kamili ya nyumba kwa nyumba, taka hatarishi zikitengwa na vyungu vya kawaida. Dosari yake ni kwamba mwenye taka alitajwa kwanza, ushahidi ukatafutwa baadaye, na aliyetajwa akawa mtu ambaye kijiji hakingepata hasara kumsema. Nitairudia dosari hiyo chini, maana tumeirithi ikiwa nzima.

Sasa kikao chenu. Nakiona kabisa.

Kitaanza na mkutano wa kijiji, ambao sheria inautaka walau mara moja kila miezi mitatu na ambao wageni wakija huitishwa kwa siku mbili. Muhtasari utapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Utapanda wilayani, itaonekana mahudhurio hayana saini za kutosha, utashuka. Saini zitapatikana, zikiwamo za marehemu wawili waliokuwa wapenda maendeleo. Utapanda tena. Hapo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 itatajwa kwa sauti nzito, pamoja na Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na mjadala utahamia kwenye makundi: je, mradi huu ni wa kundi A, ambalo tathmini yake ni ya lazima, au ni wa kundi B la kwanza, ambalo liko mpakani? Mpakani ni mahali pazuri pa kula chakula cha mchana, kwa hiyo mtakaa mpakani siku tatu.

Kisha maswali. Mjumbe wa kwanza atauliza kama mwekezaji atajenga matundu ya vyoo vya shule. Wa pili atauliza nafasi za ulinzi zitakuwa ngapi na kama orodha ya vijana italetwa na yeye. Wa tatu atasimama kushukuru, na shukrani zitachukua dakika kumi na mbili. Wa nne, mwenye shamba jirani na eneo linaloombwa, ataamka ghafla kuwa mtetezi wa vyanzo vya maji, mpaka bei ya shamba itajwe. Hakuna atakayeuliza moshi utaelekea wapi. Mwishowe hoja itaahirishwa ili wajumbe wakajifunze, na neno kujifunza, kama mnavyojua, husafiri kwa ndege.

Nawapendekezea Kamikatsu, Japani. Ni mji mdogo wa milimani, watu wake hawafiki elfu mbili, na mwaka 2003 walitangaza kwamba watafika mahali wasizalishe taka kabisa. Siku hizi wanazitenganisha katika mafungu zaidi ya arobaini. Nawaonya mapema, msije mkakata tamaa mkiwa ugenini: mtakachoonyeshwa ni bibi akiosha chupa na kuipeleka mwenyewe kwenye fungu lake. Mnaweza kuona jambo hilo hapa Kate bila pasi ya kusafiria. Chupa ya soda ya lita moja na nusu hubeba mafuta ya taa, kisha maziwa (bibi yangu anasisitiza kwamba aliiosha), kisha hukatwa kuwa kata ya kupimia ulezi, na kitako chake hupandwa mche wa kitunguu.

Kabla hamjaondoka, naomba faili moja. Naomba faili la korongo.

Mnalijua, kila senta inalo. Liko nyuma ya gulio, pale ambapo kila mtu hugeuza uso. Ndani yake mna chupa za maji, betri za tochi, pampasi, vifuniko, kandambili zisizo na wenzake, nailoni za kila rangi, na ng'ombe mmoja ambaye hula vyote hivyo na baadaye huuzwa kama nyama ya kienyeji. Nataka kujua korongo hilo lilipitishwa na kikao gani. Liko kundi A au B? Wananchi walishirikishwa lini? Mshauri mwelekezi wake nani? Mvua za Desemba zikianza, korongo hufanya usafirishaji mkubwa kuliko lori lolote la halmashauri yoyote, usiku kucha, bila kibali wala ushuru, na kuupeleka mzigo kwa watu wa mabondeni ambao hawakualikwa kwenye mkutano wowote. Mimi sijawahi kusikia mjumbe akisimama kuuliza kama korongo lina choo.

Kumbe ukitaka kutupa, huhitaji hata kalamu. Ukitaka kuokota ulichokitupa, lete nakala sita na mchoro wa eneo.

Sheria mnayoitaja kwa sauti nzito ndiyo hiyohiyo iliyozipa mamlaka za serikali za mitaa mzigo wa taka ngumu, na ndiyo inayosema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi na salama. Kurasa hizo nadhani zimegandana kwa unyevu.

Zamani kidogo tungeweza kusema hatuna taka za kutosha kufungua faili. Barabara ilikuwa vumbi na bidhaa zilifika zimechoka. Halafu ikaja lami ya Tunduma mpaka Sumbawanga, kwa fedha za Wamarekani kupitia shirika lao la MCC, na sisi tukashangilia, mimi nikiwamo. Tangu hapo malori hupanda na soda na maji ya chupa, hushuka na mahindi. Hesabu ya mizani iko sawa pande zote, isipokuwa chupa tupu haikukatiwa tiketi ya kurudi.

Na hapa naurudia urithi wa Kamchape. Juni mosi 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini, na ilikuwa marufuku njema, kwa kweli miiba ya uzio wetu ilipumzika. Lakini someni adhabu: anayekutwa anatumia mfuko hutozwa kuanzia shilingi 30,000 mpaka 200,000, au ndani siku zisizozidi saba, au vyote viwili. Mwenye kiwanda na mwingizaji nao wana adhabu zao, kubwa zaidi, lakini hao hawapatikani gulioni siku ya Jumamosi. Anayepatikana ni mama wa dagaa. Pembe ya mchawi hukutwa daima kwenye kapu la asiye na mtetezi.

Mama huyohuyo, wakati wa kiangazi, ndiye kiwanda chenu. Yeye na vijana wachache wenye viroba hupita korongoni alfajiri, kukiwa na ile baridi ya Juni inayofanya vidole visikie kila kitu mara mbili. Wanaokota chupa, makopo, vyuma vya baiskeli, sufuria zilizotoboka. Wanazikanyaga zipungue, wanazipeleka kwa mtu wa skrepa mwenye mizani, na bei anaijua mwenye mizani. Mzigo ukijaa unaondoka kwenda mjini, na kutoka huko unakwenda mbali zaidi. Kwa lugha ya andiko la mradi, hapo pana ukusanyaji, uchambuzi, ugandamizaji na usafirishaji. Vinakosekana glovu, kivuli na mtu wa kuwaita kwenye kikao. Mwekezaji akija, mtawaita wavamizi wa eneo la mradi.

Atatokea mjumbe wa kusema kwamba watu wetu hawana utaalamu. Mwambieni atoke nje ya ukumbi. Uwandani humu bado yapo magofu ya malungu, matanuru ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu mzima, ambayo mababu walifulia chuma bila kuvuvia, upepo ukijiingiza wenyewe kwa mirija ya udongo. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na uchafu, basi kilirudishwa motoni katika tanuru dogo, kintengwe, ndipo kikafaa kwa jembe. Na jembe lenyewe lilikwenda kulima ntumba: nyasi hazichomwi, zinafunikwa ndani ya tuta la udongo, zinaoza, kisha zinakuwa chakula cha ulezi na maharage. Mjini huko sasa wanaiita mboji na inafanyiwa semina. Ikiwa mjumbe bado ana mashaka, akumbuke MV Liemba. Meli ile Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927 na kuwabeba babu zetu, dagaa wao na mbuzi wao. Ziwa Tanganyika limewahi kurejeleza manowari. Sisi tunashindwa na chupa ya Fanta.

Hapa naacha utani, kwa aya moja tu.

Kiwanda cha kurejeleza kinaweza kuua. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliruhusiwa kuanza mwaka 2007 jirani na nyumba za watu, bila tathmini kufanywa kwanza. Madini ya risasi yakaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hichohicho. Mwanawe mchanga akaugua, akapimwa, akakutwa na risasi mwilini, na mama akaanza kupiga kelele ambazo hakuna ofisi iliyotaka kuzisikia. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na mamlaka ya mazingira ya serikali ilikuwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Kesi ikapanda na kushuka, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha amri hiyo. Kwa hiyo msinielewe kwamba nataka mgonge muhuri mkiwa mmefumba macho. Nataka mpitie. Nataka muulize maji ya kuoshea plastiki yatamwagika wapi, kitakachoyeyushwa ni nini, moshi wake utapita juu ya shule ipi, betri zitapokelewa au hazitapokelewa, na nani atapima damu ya vijana wa korongoni kabla ya kiwanda na baada ya miaka miwili. Maswali hayo yanaingia kwenye karatasi moja. Yaulizeni kabla ya lile la choo.

Aya imekwisha, tuendelee.

Ombi langu ni dogo. Mwekezaji akija, kikao msikifanyie ukumbini. Kifanyieni korongoni, wiki ya pili ya Desemba, asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku. Viti tutaazima parokiani. Mama wa dagaa atakaa meza kuu, maana yeye ndiye mwenye takwimu, na yule mtu wa skrepa aje na mizani yake ili siku moja na sisi tuisome. Posho sitaizungumzia, wapo wanaoifuatilia kwa karibu kuliko mimi. Upepo pale hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo hakuna upande wa wageni rasmi.

Kuhusu maji ya kunywa, tutachota kisimani na kuyachemsha. Mkibeba yale ya chupa, tafadhali hesabuni chupa wakati wa kuja na wakati wa kuondoka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Kate, Nkasi

Nakala:
Mama wa dagaa, gulioni (asomewe)
Mwenye mizani
Korongo, kwa taarifa