Usifungue Friji, Sisimizi Wamelala

Huku Ujerumani baridi imeanza kukaza na watu wanalaza sisimizi. Mmesoma sawasawa. Huku wapo watu wazima, wenye kazi na kodi za kulipa, wanaofuga sisimizi ndani ya nyumba kama ninyi huko nyumbani Korogwe mnavyofuga kuku, isipokuwa kuku wana faida. Berlin kuna hata duka la kuuza malkia na watumishi wake, pamoja na nyumba zao za kioo. Mfugo wa wanaoanza ni sisimizi mweusi wa bustani, Lasius niger kwa jina la kitaalamu, yule yule anayekatiza kila njia mjini bila kuuzwa na mtu. Oktoba ikielekea ukingoni, mwenyewe humpunguzia joto kidogo kidogo, kisha humtia kwenye friji, jirani na siagi, hadi Februari au Machi. Najua mtakayosema, na ndiyo maana nimeshika kalamu kuwatetea watu hawa. Kumlaza sisimizi wa Ulaya kwenye baridi si wazimu wala ukatili. Ni haki yake, kwa sababu anayemfuga mnyama hana budi kuufuga na msimu wake.

Shangazi, nakujua, utaanza na huruma: kiumbe wa Mungu, umtie kwenye friji? Jibu liko chini ya ardhi. Baridi inapokuja, sisimizi wa huku hawabaki juu wakipigwa na theluji. Hushuka kwenye vyumba vya chini vya kiota, ambako barafu haifiki, wakajikusanya rundo moja pamoja na malkia na mabuu, wakatulia. Udongo wa huko una ubaridi wa kadiri, haugandi wala haupati joto. Friji yenye nyuzi 5 hadi 8 za Selsiasi haiigi theluji, inaiga udongo huo. Mpangaji wa ghorofa ya nne hana shimo la kumchimbia sisimizi wake, na roshani yake usiku wa Januari inaweza kugandisha kundi zima. Mwenye stoo ya chini ya nyumba, yenye baridi isiyogandisha, huwaweka humo. Mwenye pesa hununua friji ndogo ya mvinyo, sisimizi wakalala mahali pa chupa. Sisi wengine tunabaki na friji ya jikoni, na swali la nani ahame, sisimizi au mtindi.

Shangazi akiridhika, baba mkubwa atakuja na swali gumu zaidi: nyumba ina hita, kwa nini wasiachwe sebuleni wakaendelea kula na kuzaana? Hapo ndipo wema unapogeuka madhara. Mwili wa sisimizi hautengenezi joto lake wenyewe, hufuata joto la mahali alipo. Kwenye baridi shughuli za mwili hupungua mno, na akiba ya mafuta aliyojiwekea kiangazi humvusha miezi kadhaa. Kwenye joto mwili huo huo huila akiba usiku na mchana. Wala msidhani kwamba joto litamfanya azae, maana sisimizi wengi wa Ulaya wana kalenda ndani yao. Wapo sisimizi seremala waitwao Camponotus ligniperda: majira yao ya kupumzika yakifika, malkia huacha kutaga na mabuu huacha kukua, hata chumba kiwe na joto la Juni. Ukimwacha kwenye joto, humzidishii kitu isipokuwa gharama za kuwa macho. Tena tunazungumzia kiumbe mwenye mipango mirefu. Malkia wa Lasius niger aliyefugwa anajulikana kuishi zaidi ya miaka 28. Harusi yake huwa ya siku moja, angani; bwana harusi hufa muda mfupi baadaye, naye bibi hutaga maisha yake yote kwa mbegu alizozihifadhi siku hiyo. Mwenye subira ya kiasi hicho si wa kuvurugiwa kalenda na mtu aliyemwonea huruma Novemba moja.

Kazi yenyewe ina adabu zake, na ukiziangalia utaona kwamba karibu zote ni adabu za msimu. Agosti na Septemba kundi hulishwa kwa wingi: maji ya asali kwa ajili ya nguvu, inzi na vipande vya mende kwa ajili ya mabuu. Sisimizi ana matumbo mawili, moja lake na jingine la jamaa; la jamaa hubeba chakula cha kumpa mwenzake mdomo kwa mdomo, na wakishashiba huvimba hadi ngozi nyembamba huonekana katikati ya magamba. Hamu ya nyama ikipungua, makombo yote huondolewa, maana ukungu hauna habari ya kulala. Kundi changa hukaa kwenye mrija wa kioo wa maabara: maji kwa ndani, pamba ya kuyazuia, chumba cha malkia, na pamba nyingine ya kufunga mlango. Maji yakiwa yamepungua, kundi huhamishiwa mrija mwingine kabla ya kulala, kwa kuwa hewa ya friji ni kavu na kiu ni hatari kuliko njaa. Kisha wiki moja au mbili kwenye korido yenye nyuzi 15 hivi, ndipo friji. Mrija huviringishwa kwenye taulo, ukatiwa kwenye boksi na kuwekwa mbali na ukuta wa nyuma, ambako hata saladi huganda. Tangu hapo ni kuchungulia maji mara moja moja, bila kutikisa. Kuamka nako ni kwa hatua zile zile, zikirudi nyuma, na wakiamka kitu cha kwanza ni maji na asali.

Mjomba hapo atacheka: kumbe ni mnyama wa kuwashiwa umeme ili alale! Kwetu sisimizi akiingia kwenye sukari dawa yake ni majivu au mafuta ya taa, na kesi imekwisha. Sina ubishi na majivu, mjomba. Lakini friji inawaka tayari kwa ajili ya siagi, na sisimizi hawaiongezei bili ya kuonekana. Kuhusu likizo ya miezi minne inayokukera, kumbuka kwamba nayo ni likizo ya mfugaji: halishi, hafagii, hatafuti inzi. Mtihani wake ni kujizuia. Adui mkubwa wa kundi lililolala ni mwenyewe, anayelitoa kila jioni, akaliwashia taa, akalirudisha likiwa limeshtuka, na yote hayo akiyaita mapenzi.

Pingamizi zito ni la mwisho: kama baridi ni usumbufu, si wafuge wa kwetu wasiolala? Wapo waliofikiri hivyo, na wengine wakafika mahakamani. Aprili 2025 vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa Kenya wakiwa na malkia wapatao 5,000, wakiwemo wa Messor cephalotes, sisimizi mkubwa wa Afrika Mashariki anayevuna mbegu. Malkia hao walifungiwa kwenye mirija yenye pamba, kama hiyo niliyoisifu hapo juu. Mwezi uliofuata mahakama ya Nairobi iliwatoza vijana hao, pamoja na Mkenya na Mvietinamu wa kesi nyingine ya namna hiyo, faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Sisimizi huyu naye ana msimu, ila wake ni mvua: ikinyesha, malkia huruka kuoana, kisha hushuka kuanzisha kundi. Ukimzoa wakati huo, umezoa na kundi ambalo angelizaa, na kazi yake ya kusambaza mbegu na kupitisha hewa udongoni. Wajerumani wenyewe hawaruhusu sisimizi wekundu wa misitu yao wachukuliwe ovyo, sheria inawalinda. Kwa hiyo akija mgeni Korogwe na mirija na pamba, akiahidi euro, mwambieni wa kwao wapo tele, tena wanalala friji.

Msihitimishe kwamba nami nijizoeze baridi. Hoja yangu inasema kila kiumbe apewe msimu wake, na wangu mnaujua. Kwa kanuni ile ile inayompa sisimizi wa Berlin nyuzi 5 za Selsiasi, mtu wa Korogwe anastahili nyuzi 25 sebuleni. Mwenye nyumba akilalamika kuhusu hita, nitamwonyesha friji na kumwambia kwamba ni sheria moja.

Wenu wa ughaibuni.