Sifa za Mheshimiwa Mlenda

Dodoma ni mji wa waheshimiwa. Asubuhi ya siku ya kikao cha Bunge utahesabu magari yenye vioo vyeusi mpaka uchoke, na kila aliyemo ndani ana wapambe wake na watu wa kumpigia makofi. Naomba nafasi nimsifu mmoja ambaye hajawahi kupigiwa makofi na yeyote, ingawa alikuwapo hapa kabla ya Bunge, kabla ya reli na kabla ya barua ya uhamisho iliyonitoa mimi pwani. Namsemea mlenda.

Nianze na sura, maana hapo ndipo maadui zake huanzia. Mlenda uliokaushwa na kutwangwa haupendezi machoni, na sitaupaka rangi. Katika soko la Majengo, pembeni ya nyanya zilizopangwa piramidi na pilipili hoho zilizofutwa vumbi moja moja, mama ameketi na lundo la unga wa kijani kilichokata tamaa, na kopo la kupimia. Hapangi kitu, hanyunyizii maji, haiti mteja. Jirani yake anayeuza mchicha hana raha tangu saa nne, kwa sababu ikifika jioni bidhaa yake itakuwa imelala. Unga huu ulichumwa wakati wa mvua ukaanikwa, na tangu siku hiyo hauna haraka na mtu. Ununue leo, ununue mwezi wa kumi, ni uleule. Haudai friji, hauogopi umeme kukatika, na ukitaka kumpelekea mwanao chuoni Dar es Salaam, funga kwenye mfuko umpe kondakta wa basi. Jaribu kumpa kondakta matembele uone yatakavyofika.

Sisi tuliokulia pwani tulijidai kuujua. Mlenda wetu ni bamia, nyanya chungu na majani ya maboga vikichemshwa pamoja mpaka vilegee, chakula cha mgonjwa au cha tarehe za mwisho wa mwezi. Huo ni mlenda wenye adabu za mjini. Wa huku umetoka porini, na jina lake limebeba mimea kadhaa: mingine ni jamaa wa ufuta, mingine ni ukoo wa juti, ule mmea ambao Bangladesh na India huutoa nyuzi za magunia. Hebu itazame heshima ya ukoo huo. Ndugu mmoja anayabeba mahindi yakiwa safarini, ndugu wa pili anayasindikiza kooni yakishakuwa ugali.

Na ukoo wenyewe una historia ya siasa. Jamaa yake wa Misri, mulukhiyya, alipigwa marufuku na Khalifa al-Hakim wa Wafatimi, aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021. Inasimuliwa kwamba sababu ilikuwa ni kupendwa kwa mboga hiyo na Muawiya, mtu ambaye Wafatimi hawakutaka hata kumsikia. Khalifa alikwisha kuondoka duniani, mulukhiyya ingali inapikwa Cairo. Sijapata kusikia mfalme aliyeamka asubuhi akapiga marufuku kabichi. Nani aihofu kabichi? Magharibi ya Kenya jamaa huyohuyo ni mrenda, Waluo wanamwita apoth, Wayoruba wa Nigeria wanamla kwa jina la ewedu, na Wajapani wanamnunua kama chakula cha afya wakimwita moroheiya. Huyu ndiye tunayemwona mshamba.

Tuje jikoni. Jirani yangu, bibi wa Kigogo aliyezaliwa mitaa hii wakati ingali mashamba, ndiye aliyenisimamia. Maji yachemke kwanza. Chembe ya magadi itangulie, chembe tu, kwa kuwa magadi ndiyo yanayoamsha utelezi, lakini yakizidi yanaleta ladha ya sabuni na kuiua vitamini C. Kisha unga unanyunyizwa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukipekecha bila kupumzika, maana ukiumwaga kwa pupa unafanya madonge. Nikanyoosha mkono kuchukua kifuniko.

"Acha wazi, mjukuu wangu. Ukiufunika utaufuata nje."

Kweli, povu lilikuwa limekwisha kufika ukingoni. Nikauliza kitunguu kinaingia saa ngapi.

"Kitunguu cha nini? Unataka kuuficha?"

Chumvi ikaingia, zikafuata karanga zilizotwangwa, na baada ya dakika chache kazi ikawa imekwisha. Hakuna kukaanga, hakuna mafuta, hakuna nyanya ya kopo. Nikataja limao, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba ukali wake unapunguza utelezi. Bibi alinitazama kama mtu aliyesikia jambo la aibu msibani, akasema limao ni la wageni. Sikulitia.

Utelezi wenyewe ndio fahari ya mboga hii, na ndio ninaotaka kuutetea kwa sauti. Uma unashindwa papo hapo, kwa kuwa hakuna cha kuchoma. Kijiko kinachota vizuri, kinainuka, kisha uzi unabaki umeunganisha kijiko na bakuli, unavutika na kuvutika kama ahadi ya fundi cherehani. Ukivuta juu zaidi, uzi unapanda nawe. Ukiinama, unakufuata kwenye tai. Wenyeji wana dawa yake: tonge la ugali wa uwele linachovywa, kifundo cha mkono kinazungushwa mara moja, uzi unakatika, tonge limeshapita. Ufundi huo haufundishwi chuo chochote cha utumishi wa umma, ndiyo maana mbele ya bakuli la mlenda vyeo vinapungua uzito. Mkurugenzi mwenye uzi kidevuni na dereva wake mwenye uzi kidevuni ni watu wawili wenye nyuzi videvuni. Nyama choma haijawahi kufanya hivyo. Nyama choma ina mwenye kukata na mwenye kungojea kukatiwa.

Halafu kuna suala la kasi. Mlenda hautafunwi, unashuka. Mtoto anayeanza kula anaumudu, bibi asiye na meno anaumudu, na katika sinia la watu sita anayesimulia habari za ofisini analala njaa. Katika mji uliojengwa juu ya hotuba, sijui chakula kingine chenye uwezo wa kufunga mjadala kwa muda mfupi namna ile. Kanuni za Bunge zingeweza kujifunza jambo hapo, ila tusiingilie mihimili.

Yuko atakayesema kwamba hayo yote ni mzaha, mlenda ni chakula cha shida. Basi tuizungumze shida. Kwa kawaida Dodoma hupata chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufunga. Katika miezi hiyo michache mlenda unaota wenyewe katikati ya uwele na mtama, bila mbegu ya dukani, bila mbolea, bila bwana shamba. Mama anapopalilia, majani mengine yanatupwa kandoni na haya yanaingia kwenye kanga. Yana madini ya chuma, yana chokaa, yana viini vya vitamini A, na kiangazi kikiingia bado yamo kwenye kibuyu. Vijiko vichache vya unga vinatosha kwa ugali wa nyumba nzima. Mboga za majani tunazoziona za maana, zile zinazoletwa na lori zikiwa zimefunikwa turubai, zikikosa maji wiki moja hazina jibu.

Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973. Safari yenyewe ilishika kasi mwaka 2016, na katika miaka yote hiyo ya kufungasha na kufungua mizigo mlenda ulikuwa hapa, haujaomba posho ya kujikimu wala nyumba ya serikali. Sasa tumefika, maelfu kwa maelfu, na kila Ijumaa jioni bado kuna mtumishi stendi anapokea boksi la samaki kutoka Dar es Salaam, limevuja barafu, na nusu ya samaki imeshaanza kunuka.

Mtumishi mwenzangu, boksi hilo lina gharama. Jumamosi shuka Majengo, umwamkie yule mama mwenye lundo la kijani, ununue kopo moja na magadi kidogo. Siku ya kwanza usivae shati jeupe, na limao liache nyumbani.